Daimu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Ukija kwangu na sarafu, nawa mikono kwanza, uikaushe vizuri. Sarafu yenyewe usiioshe. Hata kama ina rangi ya masizi, hata kama inanata, hata kama unaona aibu kumpa mzee kitu kichafu namna hiyo, niletee ilivyo. Vijana, mmenisikia nikisema haya baada ya ibada mpaka mnaniiga sauti nikigeuka, na msidhani sisikii. Igeni tu. Leo nataka kuwaeleza maneno hayo yalitoka wapi, maana ni maneno ya kweli, na kwa maneno hayo hayo ya kweli mtu ninayemheshimu aliibiwa mchana kweupe, mimi nikiwa nimesimama katikati.

Kazi ya sarafu nimeifanya katika miji mitatu ya Marekani. Louisville nilijifunza, Columbus nilifumbuliwa macho, na hapa Buffalo nimezeekea. Sikutajirika. Nyumba yangu ya mtaa wa Black Rock mnaifahamu, na ngazi zake mnazipanda kwa uangalifu kama mnavuka mto. Lakini nikifumba macho, ukaniangushia sarafu mezani, nitakuambia kama ni fedha au la. Hicho ndicho nilichobaki nacho, nami napenda kukigawa kabla sijaondoka nacho.

Sarafu ninayoizungumzia ni ile ya senti kumi, ambayo sote tunaiita daimu. Ndogo, nyembamba, inapotea chini ya kochi. Za siku hizi hazina fedha ndani. Za mwaka 1964 na kurudi nyuma karibu zote ni fedha, madini yenyewe, yenye shaba kidogo tu ya kuzitia ugumu. Kwa hiyo kwanza soma mwaka. Mwaka ukiwa umefutika, tazama ubavu. Daimu mpya ubavuni ina mstari wa kahawia, kama nyama ndani ya mkate. Ya fedha ni nyeupe mzunguko mzima. Bado una shaka? Iangushe taratibu juu ya meza ya mbao. Ya fedha inalia, na mlio wake unakawia kuondoka. Mpya inakohoa mara moja na kunyamaza.

Mmoja wenu juzi aliniletea ya fedha kweli, akaniambia ameikuta kwenye mashine ya kufulia, lakini ana huzuni kwa sababu ina picha ya jahazi na malkia. Mwanangu, hiyo ni ya Kanada. Hapa tulipo Kanada ni ng'ambo ya mto, na sarafu zao zinavuka bila pasipoti. Za zamani nazo zina fedha, pungufu kidogo kuliko za huku. Usiitupe.

Mambo haya nilifundishwa na mzungu mmoja wa Louisville, nitamwita Ray. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa kunyanyua maboksi kwenye ghala, nikawa natafuta kazi ya kukaa. Duka lake lilikuwa mbali kidogo na mtaa wa Beechmont tulikopanga, basi moja tu. Alihitaji mtu wa kuchambua ndoo za sarafu alizozinunua kwenye nyumba za marehemu. Siku ya kwanza nikashika daimu kwa kuiminya kati ya vidole.

"Leo," akasema, maana jina Leonsi lilimshinda, "hiyo ni sarafu, si ndizi. Usiimenye."

Tangu siku hiyo nikashika ubavuni. Jasho la kidole lina chumvi, na chumvi huacha alama isiyotoka. Mara nyingine nilipanga sarafu nzuri kwenye mifuko laini ya plastiki nikidhani nazilinda, na baada ya muda zikaota ukijani kama mkate ulioharibika. Ray alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanionyesha vifuko vya karatasi ngumu, akanieleza sababu, akanieleza tena. Alikuwa mwalimu mzuri. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mnapenda kudhani kwamba mtu mbaya anafundisha vibaya. Ray alifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi.

Na somo lake kubwa lilikuwa hilo la kutosafisha. Ule weusi kwenye fedha ya zamani, aliniambia, ni ngozi. Sarafu imechukua maisha ya mtu mzima kuivaa. Ukiisugua unaichuna, unaacha mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni lakini lenzi inaiona, na mnunuzi mwenye lenzi haitaki tena. "Sarafu iliyosuguliwa imekufa," alisema. "Unaizika kwa bei ya uzito."

Sasa niwaambie habari za Daforoza, ambaye wengi wenu mnamjua kama yule mama wa mtaa wa West Side asiyekaa karibu na mtu kanisani. Mume wake na mimi tulikuwa majirani kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tuliishi kama ndugu, kwa hiyo huyu ni shemeji yangu. Mume alifariki mapema. Daforoza aliletwa Marekani, lakini faili la mama yake lilikwenda njia nyingine, na mama akabaki kambini Nyarugusu, Kigoma. Yule bibi alikuwa akipoteza macho. Kila simu alikuwa na ombi moja: "Njoo nikuone kabla macho hayajafunga." Daforoza alikuwa na karatasi zote za kusafiri. Alichokosa ni nauli.

Kule Louisville alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Bibi mmoja wa Kimarekani alimpenda, na siku moja, mbele ya binti yake, akampa kopo la majani ya chai lililojaa daimu nyeusi tii. Zilikuwa za baba yake, alisema, na yeye hana wa kumwachia anayezitaka. Jumamosi Daforoza akaniletea kopo nyumbani.

Nyingi zilikuwa za kawaida. Fedha, ndiyo, lakini za kawaida, zenye picha ya mwanamke mwenye kofia ya mabawa ambaye wafanyabiashara humwita Merkuri ingawa Merkuri, mungu wa kale wa Warumi, ni mwanamume. Nikazigeuza moja moja. Mojawapo ilikuwa ya mwaka 1916. Nikaigeuza nyuma. Huko nyuma kuna mchoro wa fungu la fimbo, na chini yake, upande wa kushoto, mahali ambapo hungetazama usipofundishwa, palikuwa na herufi ndogo kuliko mbegu ya mchicha: D.

D ni kiwanda cha Denver. Mwaka huo Denver ilipiga daimu hizo chache mno, na watu wanaokusanya sarafu huitafuta hiyo moja maisha yao yote. Kwa sababu hiyo matapeli huibandika D kwenye sarafu isiyo nayo, kwa hiyo usishangilie haraka. Tazama shingo ya herufi ilipokutana na sarafu. Ikibandikwa kuna mstari, kama kiraka. Hii haikuwa na mstari. Ilikuwa imeota hapo. Na kwenye bawa la ile kofia palikuwa na pigo dogo, kama jino la panya.

"Shemeji," nikamwambia, "hii isiguswe. Usiioshe, usiifute hata kwa kitambaa. Jumatatu twende dukani kwa Ray."

"Ni nauli?"

"Ni nauli, na chenji ya vitenge."

Hakupiga vigelegele. Alifunga kopo, akalikumbatia kama mtoto aliyelala.

Hapa ndipo mnapaswa kuwaelewa watu wetu, ninyi mliozaliwa kwenye majiko ya umeme. Kambini mwanamke alijulikana kwa masufuria yake. Yalisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona uso, yakafunikwa juu ya kichanja nje ya nyumba, na mpita njia alijua humo ndani mna mtu. Sufuria jeusi lilikuwa habari ya mtaa mzima. Na kitu cha kwenda mbele ya kanisa siku ya shukrani kilisafishwa mara mbili. Mchele ulichambuliwa punje kwa punje. Kuku alioshwa miguu. Nimeona kwa macho yangu kuku akioshwa miguu kwa sabuni.

Jumapili ile ilikuwa ya shukrani. Daforoza hangeweza kupeleka baraka dukani kabla haijaombewa, kwa hiyo akaja na kopo, akaliweka kwenye chumba cha nyuma pamoja na mapapai na mifuko ya mchele, akaenda kuimba kwaya. Hakumwambia mtu kilichomo, kwa kuogopa maneno. Msimamizi wa ile meza ya shukrani alikuwa Sipesi, rafiki yake tangu kambini, mwanamke ambaye masufuria yake yalikuwa yakitajwa kwenye harusi. Sipesi akafungua kopo, akakuta sarafu nyeusi. Akaogopa rafiki yake ataaibika mbele ya watu. Nje vijana walikuwa wamechoma mishikaki tangu asubuhi. Akachota majivu kwenye jiko, akakata ndimu, akakunja mikono ya gauni, akaanza kusugua.

Zilipoingia kanisani zilikuwa kwenye sahani nyeupe, zikiwaka kama vioo. Mchungaji akainua sahani, watu wakasema haleluya. Mimi, benchi la tatu, nikaanza kuitafuta ile moja kwa macho.

Nje ya kanisa nilisimama karibu na Daforoza na Sipesi.

"Sipesi, nani kakwambia uguse?"

"Nani aniambie, mwenzangu? Ulitaka kumpelekea Mungu masizi?"

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize kama nioshe? Tangu lini? Nimekusugulia mpaka sufuria la kilio cha mumeo, sikukuuliza." Akacheka, akanigeukia. "Kaka Leonsi, mbona huyu ananitazama hivi? Zimetakata au hazikutakata?"

Zilikuwa zimetakata.

Jumatatu tulikwenda kwa Ray. Alimwaga kopo juu ya kitambaa chake cha kijani, akazisukuma zile za kawaida kando, akaichukua ile moja. Aliishika kwa muda mrefu. Sasa nikikumbuka ule muda naelewa alikuwa akifanya nini, lakini siku ile niliona ni uangalifu wa fundi.

"Mwambie imesuguliwa."

"Imesuguliwa, shemeji."

"Mwambie sarafu iliyosuguliwa imekufa."

Nikamwambia.

"Na ile herufi?" nikamuuliza Ray mwenyewe.

"Kwa mikwaruzo hii, nani atathibitisha? Huenda imebandikwa. Leo, wewe unajua. Nimekufundisha mimi mwenyewe."

Daforoza akatutazama, mmoja kisha mwingine. "Amesemaje?"

"Amesema inabaki uzito wake."

"Uzito wake ni kiasi gani?"

Ray akaiweka kwenye mizani. Uzito wa daimu mnaujua. Unapuliza inaruka. Kopo zima lilitoa bei ya viroba vya mchele, na ile ya nauli ilihesabiwa humo humo kama wenzake. Nilitafsiri neno kwa neno, na tafsiri yangu ilikuwa sahihi. Lililokuwa bovu ni neno lenyewe.

Kituoni tukisubiri basi, Daforoza alisema kitu kimoja tu. "Sipesi ameniulia safari."

Hakumsalimia tena. Alihama benchi, kisha akahama kanisa. Habari za kifo cha mama yake zilipofika kutoka Nyarugusu, tulikusanyika kwake Beechmont kwa kilio, na Sipesi akaja na masufuria yake makubwa kupika, kama ilivyo ada yetu. Daforoza akainuka kwenye mkeka, akaenda mlangoni.

"Hayo masufuria yako yapeleke kanisani yakaombewe," akamwambia. "Hapa hatuli vinavyong'aa."

Sipesi aliyabeba akarudi nayo. Wanaume waliokuwa barazani walitazama viatu vyao. Mwaka haukuisha, Daforoza akahamia Buffalo.

Mimi nilihamia Columbus kumfuata mwanangu, nikapata kazi kwa mfanyabiashara mwingine wa sarafu. Huko nilishangaa. Watu walileta sarafu zilizosuguliwa, na tajiri wangu mpya hakusema zimekufa. Zile za kawaida alizipima uzito, ndiyo. Lakini zile adimu aliandika pembeni "imesafishwa", akapunguza bei, akalipa. Alipunguza nusu, wakati mwingine zaidi ya nusu, lakini nusu ya kitu kikubwa bado ni kikubwa. Nikaanza kulala vibaya.

Halafu yakaja maonyesho ya sarafu, kwenye ukumbi wa hoteli, meza kwa meza. Nikapita meza moja, nikamwona Ray, amezeeka, amenyooka vilevile. Ndani ya kisanduku chake cha kioo kulikuwa na daimu ya 1916 ndani ya kasha la plastiki la wathibitishaji. Kibandiko kilisema ni halisi, ya Denver, imesafishwa. Nikaomba kuitazama. Kwenye bawa, jino la panya. Na kwenye pembe za herufi, mahali kidole hakifiki, bado kulikuwa na kijivu. Majivu ya mishikaki yetu, yamekaa humo miaka yote hiyo.

"Hii ni ya yule mama," nikasema.

"Mama yupi?" Kisha akanitambua. "Leo! Ilikuwa ya yule mama. Alikubali bei, au hakukubali? Tena wewe ndiye uliyemwambia."

"Ulisema imebaki uzito."

"Siku ile, kwenye duka langu, ilibaki uzito." Hakuwa na hasira wala haya. Aliniangalia kama anavyoangalia mwalimu mwanafunzi aliyechelewa kuelewa hesabu. "Nilikufundisha kutazama sarafu. Ulitaka nikufundishe na kunitazama mimi?"

Wanangu, niliinunua. Nilikuwa nimeweka akiba ya gari. Baridi ile nilipanda basi. Bei aliyoitaka ingempeleka Daforoza mpaka Kigoma na kumrudisha, na Ray hakunipunguzia. Aliniwekea ndani ya mfuko wa karatasi, akaniambia nishike ubavuni.

Basi hilo ndilo ninalotaka mlijue kuliko mwaka na ubavu na mlio. Alichonifundisha kuhusu kusugua kilikuwa kweli kwa daimu karibu zote, na si kweli kwa ile moja, naye alijua ni ipi. Mtu akikueleza bei ya kitu chako, msikilize vizuri, mshukuru, kisha jiulize kama ndiye anayetaka kukinunua. Kama ndiye, funga mkono, nenda meza ya pili. Hata mimi. Nikiwapa bei, msiniuzie siku hiyo. Nendeni mkaulize kwingine, mrudi mnitukane kama nimewadanganya. Mnacho kichwa kizuri kuliko nilichokuwa nacho, na Kiingereza hamhitaji wa kuwatafsiria. Mtaweza.

Nilipoacha kazi ya Columbus na kuhamia hapa, kitu cha kwanza nilipanda basi kwenda West Side. Daforoza alinikaribisha jikoni, kwenye ile nyumba yake ya mbao inayolia ukitembea. Nikaweka kasha mezani, nikamweleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza ninyi.

Hakuigusa. Aliinama tu kuitazama.

"Ndiyo hii? Mbona ndogo hivi."

"Ndiyo hii."

"Kwa hiyo ingenifikisha. Hata na majivu yake."

"Ingekufikisha, shemeji. Hata na majivu yake."

Juu ya jiko lake kulikuwa na masufuria, yamepauka, yana weusi chini. Sikuwahi kuyaona hivyo kambini.

"Namba ya Sipesi unayo?" akauliza.

Nilikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, simu mezani kando ya daimu. Mjukuu akapokea kwa Kiingereza. Akasema bibi yupo, anakunywa chai, lakini siku hizi hakumbuki watu, kwa hiyo tusivunjike moyo. Tukasikia kiti kikiburuzwa, kisha pumzi ya mtu mzima karibu na simu.

"Sipesi," Daforoza akasema. "Sipesi, ni mimi. Haikuwa majivu. Unanisikia? Haikuwa majivu."

Kisha ile sauti, imekonda lakini ile ile:

"Majivu? Majivu yapo mengi, mama. Wewe ni wa nyumba ipi? Lete masufuria yako nikusugulie."

Daforoza akafunika uso kwa khanga. Nikadhani atakata simu. Akasogea karibu nayo.

"Naleta," akasema. "Nisubiri hapo hapo, naleta."